Mzigo Uliokataliwa Delhi

SEHEMU YA KWANZA

"Mzee wangu, mzigo huu si wa wizi wala si feki. Umekataliwa na jaji, basi."

Rama alisema hivyo huku akichana gundi ya katoni kwa ufunguo wa pikipiki. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 11 Juni 2016, mfungo ukiwa bado mbichi, na Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ulikuwa umejaa watu kiasi kwamba wenye mikokoteni walipita kwa kupiga kelele tu. Ndani ya fremu ya Mzee Haji katoni kumi na saba zilikuwa zimepandana hadi usawa wa feni. Kila katoni, simu ishirini.

"Jaji wa wapi?" aliuliza Zuhura bila kuinua uso. Alikuwa kwenye meza yake ya ufundi pembeni mwa duka, amebana bodi ya simu ya mteja, ncha ya solda ikitoa moshi mwembamba.

"Wa Delhi, dada'angu. India. Simu hizi zilikuwa za soko la kule. Ndani zina chipu ya MediaTek. Ericsson wakaenda mahakamani wakasema, teknolojia ya mawasiliano iliyomo humo ni yetu, tuna hataza, na hatujalipwa hata senti. Jaji akafunga mlango. Zenye chipu ya Qualcomm zikapita, za MediaTek zikabaki nje. Mwenye mzigo amekwama nao Deira, Dubai, kila siku analipia stoo. Ndiyo maana mzee nampa kwa elfu tisini na tano. Nenda Mtaa wa Kongo uone, simu ya aina hii hawakushushii chini ya laki na sitini."

Mzee Haji alitabasamu. Alikuwa ameshauza kiwanja chake cha Chanika na kulipa nusu, shilingi milioni kumi na tisa. Nusu ya pili ilitakiwa Jumatatu.

Msomaji wangu, kesi aliyoitaja Rama haikuwa ya kubuni, na hapo ndipo ulipokuwa ubaya wake. Tarehe 8 Desemba 2014 Mahakama Kuu ya Delhi kweli iliizuia kampuni ya Xiaomi kuingiza na kuuza India simu ambazo Ericsson ilidai zinatumia hataza zake bila leseni, na watu wa forodha wakaagizwa kusimamisha mizigo. Siku nane baadaye mahakama ikalegeza kamba: zenye chipu ya Qualcomm ziendelee kuuzwa kwa muda, kwa sababu Qualcomm ilikuwa na mkataba wa leseni na Ericsson. Redmi 1S ikarudi sokoni. Redmi Note zenye chipu ya MediaTek zikabaki nje. MediaTek, kampuni ya Taiwan ambayo chipu zake zimo ndani ya simu nyingi unazoziona mkononi mwa watu wa kawaida, hata haikuwa mshtakiwa. Lakini baada ya amri kama ile, mtengenezaji wa simu anayetaka kuuza India akijadiliana bei ya chipu, ana sababu ya kuuliza kwanza: nikinunua kwako, nitashtakiwa na nani?

Zuhura aliijua kesi hiyo. Alikuwa msichana wa kusoma. Cheti chake cha chuo cha ufundi cha DIT kilikuwa kimebandikwa ukutani juu ya blowa, na alizijua chipu kwa namna ambayo wenzake wa Aggrey hawakuona haja ya kuzijua. Tena alikuwa na sababu yake. Oktoba 2014, kompyuta yake ilipojisasisha Windows, waya wake wa kuflashia simu ulikataa kutambulika. Akabadilisha tundu, akabadilisha kompyuta, wapi. Baadaye ndipo alipojua kwamba ndani ya waya ule mlikuwa na chipu iliyoandikwa FTDI, jina la kampuni ya Glasgow, Uskoti, lakini haikuwa ya FTDI. Kampuni, kwa kuchoshwa na wanaoiga chipu zake, ilikuwa imetoa programu inayofuta namba ya utambulisho ya chipu bandia na kuiacha sifuri. Kelele zikapigwa dunia nzima mpaka programu ile ikaondolewa. Aliyeiga hakupoteza chochote, kwani alikuwa ameshauza na kuondoka. Waliopoteza ni walionunua kwa nia njema, na Zuhura alikuwa mmoja wao, na wateja saba walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri simu zao.

Tangu hapo akaanzisha daftari. Kila simu inayogusa meza yake, ya tajiri au ya mama ntilie, huandikwa tarehe, jina la mwenyewe, ugonjwa wake na namba yake tambulishi, tarakimu zote kumi na tano.

"Mjomba," alisema Zuhura, Rama alipotoka kwenda kuswali adhuhuri, "nipe moja niifungue."

"Uifungue nini, mwanangu? Utaharibu mali mpya."

"Nitairudisha vilevile. Wewe huniamini?"

Mzee Haji alisita. Kisha akamsogezea boksi moja.

Simu iliwaka vizuri, kioo safi, rangi za kupendeza. Zuhura akaingia kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu. Palipoandikwa aina ya prosesa palisomeka: Qualcomm Snapdragon.

Akaangalia mara mbili.

"Mjomba, Rama amesema MediaTek. Simu inasema Qualcomm."

"Basi si ndiyo nzuri zaidi?"

Hakumjibu. Alizima simu, akapitisha kadi ya plastiki kwenye ukingo mpaka mgongo ukaachia, akatoa skrubu moja moja na kuzibandika kwenye sumaku. Bodi ilipotoka, akaishika kwa koleo na kuwasha blowa, akazungusha upepo wa moto juu ya kibati kinachofunika moyo wa simu. Solda ilipong'aa, akakinyanyua kibati kwa ncha ya kibanio. Chini yake, kwenye kipande cheusi kisichozidi ukucha wa kidole gumba, herufi za kijivu zilisomeka wazi chini ya lenzi: MEDIATEK. Hazikukwaruzwa, hazikuchapwa upya. Chipu halali ya kiwanda.

Mzee Haji alishusha pumzi. "Umeona? Rama kasema kweli."

"Rama kasema kweli kuhusu chipu. Anayesema uongo ni simu." Zuhura alivua miwani ya kazi. "Mjomba, mtu kakaa chini akaandika programu ili simu ya MediaTek ijitaje kuwa ya Qualcomm. Kwa nini? Ili mtu wa forodha akiwasha aone jina lililoruhusiwa. Huu mzigo haukukwama tu, ulijaribu kupenyezwa. Na aliyedanganya jina la chipu atashindwa kudanganya na namba ya simu?"

Miezi mingi redio zilikuwa zikiimba jambo hilohilo. TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, ilikuwa imetangaza kwamba usiku wa tarehe 16 Juni simu zote bandia zitazimwa nchini. Bonyeza nyota, reli, sifuri sita, reli. Ikitoka namba, itume kwenda 15090 ujue simu yako ni ya aina gani. Zilikuwa zimebaki siku tano.

Zuhura alichukua simu nyingine, akabonyeza. Namba ikatoka. Akaiandika kwenye karatasi. Akachukua ya pili kutoka kwenye katoni ileile, akabonyeza, akaanza kuandika, kalamu ikasimama.

"Nimechukua ileile?"

"Hapana. Ile iko huku."

Akabandika utepe mwekundu kwenye ya kwanza. Akafungua katoni ya chini kabisa, akatoa ya tatu. Mzee Haji akamsomea tarakimu kwa sauti, na alipofika kwenye nne za mwisho sauti yake ikaanza kupungua. Ya nne, kutoka katoni ya dirishani. Ya tano, aliyoichagua mzee mwenyewe kwa mkono wake.

Namba moja. Simu tano, namba moja.

"Mjomba." Zuhura alizungumza taratibu. "Rama alileta mzigo wa simu mia nne. Hapa zipo mia tatu na arobaini. Katoni tatu ziko wapi?"

Mzee Haji alivua kofia yake, akaifuta jasho la ndani kwa kiganja. "Zilitangulia Alhamisi. Nilizipandisha basi la Mwanza jana alfajiri. Sikutaka kukusumbua."

Simu ya duka ikaita juu ya kaunta. Kwenye kioo lilitokea jina la mteja wa Mwanza.

ITAENDELEA

SEHEMU YA PILI

Ilipoishia: Zuhura amegundua kwamba simu za Rama zinataja chipu isiyo yao, na zote tano alizozipima zina namba tambulishi moja. Simu sitini zimeshafika Mwanza, na mteja wa huko anapiga.

"Haji! Zimekwisha!" Sauti ya mteja ilijaa furaha mpaka Zuhura akaisikia kutoka kwenye meza yake. "Wallahi mpaka adhuhuri sina hata moja. Watu wanasikia simu za zamani zitazimwa, wanakimbilia mpya. Nitumie mia nyingine, hela naituma Jumatatu asubuhi."

Mzee Haji alifumba macho. Watu sitini wa Mwanza walikuwa wametupa simu zao za mashaka kwa kuogopa tarehe 16, wakanunua hizi kwa imani. Katika mkasa huu wote hao ndio wanaoniuma kuliko wengine, kwa sababu walifanya kile walichoambiwa wafanye.

"Nitakupigia baada ya futari," alisema, akakata.

Akampigia Rama. Haipatikani. Akarudia. Haipatikani.

Mchana ule uliobaki waliuza chaji na makava bila kuzungumza. Magharibi ilipokaribia, Zuhura alimpigia mwalimu wake wa zamani wa DIT, mtu mwenye mvi ambaye kwa miaka mingi aliwafundisha vijana elektroniki na hakuwahi kuchoka kuulizwa swali la kijinga. Alikuja kwa mwendokasi, mabasi ambayo yalikuwa na mwezi mmoja tu barabarani, akashuka kituo cha Msimbazi na kutembea. Alifika wakati adhana inasikika kutoka Msikiti wa Idrisa na Mzee Haji anateremsha geti la duka nusu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Bwana Haji, habari za mfungo?"

"Tunashukuru Mungu. Karibu tende."

Walifuturu juu ya katoni: tende, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi kwenye hotpoti ya mke wa Mzee Haji. Mwalimu hakuwa amefunga, lakini alingoja wenzake wameze kwanza. Kisha akasikiliza kila kitu, akiigeuzageuza ile bodi iliyovuliwa kibati.

"Tuanze na jaji wa Delhi," alisema. "Amri ile ilimtaja nani?"

"Xiaomi," alijibu Zuhura.

"Na simu hizi ni za Xiaomi?"

Zuhura alitazama maboksi. Jina lililoandikwa pale lilikuwa jingine kabisa. Aliliona tangu asubuhi na halikumgonga.

"Basi amri ya jaji yule haikuzitaja simu hizi. Aliyemwuzia Rama, au Rama mwenyewe, amechukua kesi ya kweli akaivisha mzigo wake ili bei iwe na maelezo. Bei ya chini bila maelezo inamtisha mnunuzi. Ikiwa na maelezo, na majina makubwa ya Ericsson na Qualcomm ndani yake, inamtuliza."

"Sasa Mwalimu," alisema Mzee Haji, "tuseme hadithi ingekuwa kweli. Simu iliyokatazwa Delhi ingekuwa kosa hapa Kariakoo?"

"Kwa ajili ya hataza peke yake, hapana. Hataza inafuata nchi iliposajiliwa. Ericsson wakitaka kukushtaki wewe hapa, lazima hataza iwe na nguvu Tanzania. Ungekwenda pale kwa wasajili wa hataza, BRELA, Lumumba, hatua chache kutoka hapa, ukaulize. Hukumu ya India haivuki bahari." Alikunywa uji. "Ila marufuku ya nchi moja inavuka kwa njia nyingine. Inavuka kwa bei. Soko kubwa likifungwa, bidhaa inatafuta mahali pa kwenda, na sisi huku tunapigiwa simu za usiku: kuna mzigo wa bei poa."

Halafu akawapeleka nyuma miaka tisa. Tarehe 7 Juni 2007, Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani, ITC, ilipiga marufuku kuingiza nchini humo modeli mpya za simu zenye chipu fulani za Qualcomm. Safari hiyo aliyefungiwa mlango alikuwa Qualcomm, na aliyeshtaki alikuwa Broadcom, mtengenezaji mwenzake wa chipu. Ugomvi ulihusu ufundi wa kuokoa chaji ya betri. Qualcomm hakuwa akiuza simu, alikuwa akiuza chipu. Simu zilikuwa za kampuni nyingine ambazo hazikuitwa kwenye shauri, lakini mizigo iliyotakiwa kusimama forodhani ni ya kwao. Kampuni za mitandao ya simu zikashikwa na hofu. Mojawapo, Verizon, haikungoja hata shauri liishe, ikakubali kumlipa Broadcom dola 6 kwa kila simu. Oktoba 2008 mahakama ya rufaa ikasema ITC ilivuka mipaka, haiwezi kufunga mlango kwa bidhaa za watu ambao haikuwashtaki. Aprili 2009 Qualcomm akamaliza ugomvi kwa kukubali kulipa dola milioni 891.

"Milioni mia nane tisini na moja," alirudia Mzee Haji polepole, "kwa sababu ya kuokoa chaji?"

"Kwa sababu mwenye chipu anajua wateja wake hawatavumilia. Chipu haiuzwi peke yake, inauzwa ndani ya kitu cha mtu mwingine. Wenye nyumba wawili wakigombea mpaka, vyombo vinavyotupwa nje ni vya mpangaji. Na mpangaji akichoka, anahama. Hiyo ndiyo silaha yenyewe. Anayeshtaki hahitaji kushinda mpaka mwisho, anahitaji tu wateja wa mwenzake waanze kuogopa."

Zuhura alikuwa kimya. Alikuwa akiwaza waya wake wa mwaka 2014.

"Lakini hapa kwetu, Bwana Haji," Mwalimu aliendelea, na sasa sauti yake ilipoteza upole wa darasani, "kesi yako haina hataza ndani yake. Simu inayojitaja kwa jina la chipu ya mtu mwingine ni bidhaa bandia. Hiyo ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Wanakamata, na wanateketeza. Na namba moja kwenye simu mia nne ni kazi ya TCRA. Wala usitegemee kwamba utaonyesha risiti ya Rama. Anayekutwa ameshika boksi ndiye anayeulizwa kwanza."

"Sina risiti ya Rama."

Hakuna aliyesema kitu. Nje, vijana wa machinga walikuwa wanawasha taa zao za betri na biashara ya usiku ya Ramadhani inaanza kuchemka kuelekea Mtaa wa Likoma.

"Tuione hiyo namba," alisema Mwalimu.

Zuhura aliweka karatasi mezani. Tarakimu kumi na tano. Mwalimu akamwambia aikague kwa mkono, kama zamani darasani: kila tarakimu ya pili aizidishe kwa mbili, ikizidi tisa ajumlishe vipande vyake, ajumlishe zote, na jumla ya mwisho lazima igawanyike kwa kumi. Alifanya. Sabini. Ikagawanyika.

"Kwa hiyo haikubuniwa ovyo," alisema Mwalimu. "Namba ya kubahatisha mara nyingi ingeanguka hapo. Hii huenda imenakiliwa kutoka kwenye simu halisi, ipo mahali, ina mwenyewe. Tuma 15090."

Ujumbe ukaenda. Walingoja. Mzee Haji alisimama, akakaa, akasimama tena.

Jibu lilipoingia, Zuhura alilisoma kwa sauti. Halikuwa na jina lililoandikwa kwenye maboksi. Lilitaja kampuni nyingine na modeli ya bei ndogo kabisa: simu ya vitufe, ile ya tochi, ambayo kila bodaboda wa Dar aliwahi kuwa nayo.

"Simu ya tochi," alisema Mwalimu. "Hawa waliokota namba ya simu ya mtu yeyote tu wakaipachika kwenye…"

Zuhura hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa ameshika daftari lake. Tarakimu nne za mwisho zilikuwa zikimsumbua tangu mchana, zile ambazo mjomba wake alizisoma kwa sauti iliyofifia. Alidhani mzee anaogopa. Sasa alianza kujiuliza aliogopa nini. Akapekua kurasa kurudi nyuma: Mei, Aprili, Machi. Kidole chake kikashuka kwenye safu ya namba, kikapita, kikarudi.

Februari. Tatizo: spika haitoi sauti. Tarakimu kumi na tano, zote, moja moja, sawasawa na zile za karatasi. Akasogeza kidole kushoto, kwenye safu ya mwenye simu. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

Mjomba Haji.

"Mjomba," alisema, na alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Ile simu yako ya tochi. Uliniambia imeibiwa kwenye daladala, Aprili. Nikakupa pole."

Mzee Haji hakumtazama.

"Mjomba, siku tano zijazo serikali ikizima namba hii, inazima simu mia nne zenye namba yako. Sitini ziko mikononi mwa watu. Watakapouliza namba hii ilikuwa ya nani, laini iliyokaa ndani yake miaka yote imesajiliwa kwa jina lako. Simu iko wapi?"

Mzee aliingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu. Alipoutoa, kiganjani mlikuwa na simu ndogo nyeusi, vitufe vimechakaa, tochi yake imepasuka kioo. Akaiweka juu ya katoni, kati ya tende na bodi.

"Haikuibiwa," alisema. "Zuhura mwanangu, kuna jambo sikukwambia kuhusu Rama. Si yeye aliyenitafuta. Ni mimi niliye…"

Simu ya tochi ikaita.

Wote watatu waliitazama. Kwenye kioo chake kidogo cha rangi ya machungwa palisomeka herufi nne: RAMA.

"Usipokee," alinong'ona Mwalimu.

Lakini Zuhura alikuwa ameshabonyeza kitufe cha kijani na kuweka sauti kubwa. Kulikuwa na upepo, muungurumo wa gari, kisha sauti ya mwanamke, kavu, isiyo na haraka.

"Mzee Haji, asalaam aleikum. Mwenye simu hii tunaye hapa, na ameshatuambia yake. Tuko nje ya duka lako. Fungua geti, na huyo binti asiguse hilo daftari."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO